Katiba ya Stesheni

Kwenye matanga ya Prof Tshibangu, huko Mbuji-Mayi, binti yake wa mwisho alikuja kuketi kando yangu mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli sisi wanafunzi wa Kolwezi tulimpindua baba yake. Alisema marehemu alipenda kuianza hadithi hiyo mezani, akicheka mpaka anashika ubavu, lakini hakuifikisha mwisho hata siku moja, kwa sababu mama yake alimkatiza kila mara: "Kula kwanza, bukari inapoa." Nilimtazama Kapinga, rafiki yangu tangu shule, aliyeketi upande wa pili na kitambaa cheusi kichwani. Yeye ndiye aliyenipigia simu Kolwezi kuniambia kwamba Prof ametutoka, nami nikafunga safari siku iyo hiyo. Macho yetu yalipokutana tukaanza kucheka, wanawake wazima wenye wajukuu, katikati ya msiba, hata mzee mmoja wa ukoo akatukoholea kwa makusudi. Nikamwambia yule binti kwamba ni kweli, tulimpindua, na kwamba namna ya kufanya tulifundishwa na yeye mwenyewe. Akasema, "Basi nimalizie hadithi." Nilimsimulia nusu tu, maana waimbaji waliingia. Hapa naiandika yote.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari, katika shule ya Dilala, sehemu ya mji wa Kolwezi, iliyojengwa na kampuni ya migodi siku zile kampuni ilipokuwa baba na mama wa mji. Siku zetu sisi baba huyo alikuwa amezeeka. Vioo vya madirisha vilikuwa vimebaki vichache, na mahali pa vilivyovunjika paliwekwa makaratasi ya mifuko ya simenti, ambayo upepo ukivuma yalipiga makofi kama watu waliofurahishwa na somo. King'ora cha mgodi kililia bado saa za zamu, ingawa walioitika walipungua kila mwezi. Prof Tshibangu alitufundisha historia na elimu ya uraia. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti isiyolingana na mwili wake, na koti la kahawia ambalo viwiko vyake vilitiwa viraka vya ngozi. Miaka yote ya nyuma, somo la uraia lilikuwa nyimbo: nyimbo za chama, nyimbo za Rais, makofi kwa mpangilio. Lakini mwaka ule kule Kinshasa watu walikuwa wamekusanyika katika mkutano mkubwa kuzungumza habari za nchi, na kila mwenye redio alikuwa amegeuka mwanasiasa. Siku ya kwanza Prof aliingia, akakifunga kile kitabu cha zamani, akakikalia juu ya kiti ili apate kimo, akasema: "Batoto, hii mwaka tutasoma kitu moja tu. Namna gani bantu banafunga mukono ya mukubwa bila kumukata."

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la karanga. Alikuja na beseni limejaa karanga za kukaanga, harufu ikatangulia mlangoni, akamwita Kapinga mbele. Kapinga alikuwa msichana mpole kupita wote, mtu wa kuruka siafu njiani asiwakanyage. Prof alimwambia: wewe utatunga sheria ya kugawa, wewe utagawa, na mwenye malalamiko atakuja kwako. Kapinga alianza vizuri. Kisha marafiki wa mstari wa mbele wakamnong'oneza, nami nikiwa mmoja wao, naye akatuongezea, kwa kuwa alitupenda. Wavulana wa nyuma wakapiga kelele. Mmoja akaja kulalamika, wa pili, wa tatu, na Kapinga akatokwa jasho, akapaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Mi sina wakati ya kusikiliza kila mutu! Wewe, toka inje!" Yule mvulana akatoka. Kapinga akaliangalia beseni, ambalo lilibaki na maganda, akaanza kulia.

Prof alimpa leso yake mwenyewe. "Usilie, mutoto yangu. Nilikuchagua makusudi, juu ya vile uko muzuri," alisema. Kisha akatugeukia. "Mutu mubaya, kila mutu anajua kujilinda naye. Unamuona anakuja, unafunga mulango. Katiba banaiandika juu ya mutu muzuri, ile siku amechoka, ile siku anaona bantu banamupotezea wakati." Akatoa karanga nyingine mfukoni mwa koti, akatupanga upya: mmoja atunge sheria, mwingine agawe, wa tatu asikilize malalamiko, na anayegawa achukue fungu la mwisho. Nimefundisha somo hilohilo kwa miaka mingi sasa, hapahapa Dilala, nilikorudi mambo yalipotulia, na sijaona mwanafunzi anayegawa karanga kwa uangalifu kama yule anayejua kwamba la kwake ndilo litakalobaki.

Nyumbani kwake kulikuwa shule nyingine. Kapinga na mimi tulikwenda huko baada ya masomo, tukisema tunakwenda kuazima vitabu, lakini kweli ilikuwa sombe ya mke wake, mboga ya majani ya muhogo. Mama Mado alipika sombe kwa mawese na bitoyo, ule samaki mkavu wa chumvi, na bukari laini, ugali wa kwetu, aliyoisonga akiwa amepiga goti moja chini mbele ya mbabula, jiko la makaa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, vyumba viwili na baraza, kuta za samawati mpaka usawa wa bega na nyeupe juu yake. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Mwansa, mwanamke mnene wa vicheko, ambaye wazee wake walikuwa wenyeji wa Katanga, mkoa wa Kolwezi. Aliingia bila kubisha, akakaa, akaonja chungu, akakosoa chumvi. Sisi tuliosoma mezani tulisikia maongezi ya barazani kupitia pazia. Prof alieleza mambo ya Kinshasa: kwamba Rais atabanwa na bunge, kwamba jaji hatapigiwa simu tena na mkubwa kuambiwa la kusema. "Hiyo katiba yako," Mama Mwansa aliuliza, "itasimamisha kaporali mwenye bunduki mu soko?" Prof akajibu kwamba katiba ni kama ukuta, haujengwi siku mwizi anapokuja. Mama Mado akasema toka jikoni, "Basi harakisheni kujenga. Mwizi hangojeangi fundi." Wote watatu walicheka. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara nasikia jinsi vicheko vyao vilivyokuwa havina woga.

Ukuta haukuwahi. Wakubwa waligombana huko juu, na hasira yao ikashushwa mpaka kwetu. Sisi tulioitwa watu wa Kasai, mkoa walikotoka wazee wetu, ambao wengi wetu tulizaliwa Kolwezi na hatukuijua Kasai hata kwa picha, tukaanza kuambiwa turudi kwetu. Neno walilotupa lilikuwa bilulu, wadudu. Nililisikia mara ya kwanza likisemwa na msichana niliyekuwa nikimsuka nywele. Makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Dilala na kwingineko, wakitoa watu nje, wakirusha magodoro barabarani. Siku walipoingia mtaa wa Prof, Mama Mwansa alisimama mlangoni pa jirani zake akiwatukana vijana hao kwa majina ya mama zao, maana aliwajua wote, na kelele zake zikatupa muda wa kuokoa sufuria, blanketi mbili na watoto wawili wakubwa wa Mama Mado, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Mimi nilikuwa hapo kwa sababu kwetu palikuwa pameshachomwa na jamaa zangu walikuwa wametangulia stesheni. Tulitembea mpaka stesheni tukiwa na mizigo kichwani, na watu waliozoea kununua mkate aliouuza Mama Mado barazani kwake walisimama kando ya njia wakituangalia. Wengine walilia. Hakuna aliyetusogelea.

Stesheni ya Kolwezi, gare kama tulivyoiita, ilikuwa imegeuka mji. Watu walilala kwenye jukwaa la abiria, chini ya mabehewa mabovu, ndani ya ghala la mizigo, chini ya maturubai yaliyofungwa kwa waya wa umeme. Tulikuwa tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, na treni ilikuja ilipotaka: leo mabehewa machache ya mizigo, kisha majuma matupu. Bomba la maji lilikuwa moja. Surua iliingia, na asubuhi nyingi tuliamka kwa kilio cha mama fulani. Nje ya lango vijana walizunguka na fimbo, na waliotoka kutafuta kuni hawakurudi wote. Katika hali hiyo watu walimgeukia Prof. Walimchagua kwa kuinua mikono, awe mkubwa wa stesheni kwa juma moja, mpaka treni ifike. Treni haikufika, na juma likasahaulika.

Sitaki mtu anielewe vibaya: alitufaa. Yeye ndiye aliyepanga foleni ya bomba ili wagonjwa na wenye watoto watangulie. Yeye ndiye aliyezungumza na mapadri mpaka wakaleta unga wa mahindi, na masista wakaleta maziwa ya watoto. Unga uliwekwa katika chumba cha ghala chenye mlango wa chuma, naye akavaa ufunguo wake shingoni kwa kamba ya kiatu. Alipima unga mwenyewe. Aliamua nani atapanda behewa lipi. Watu wakigombana alikata neno papo hapo na kwenda zake, kwa kuwa kulikuwa na ugomvi mwingine ukimngoja. Alikonda, macho yakawa mekundu, koti likaning'inia. Na pole pole, bila mtu kukusudia, maneno mawili yakawa ndiyo sheria ya mahali pale: "Prof amesema." Alikuwa ametuahidi kwamba masomo yataendelea hata kwenye reli. Yaliendelea siku chache, kisha akasema hana nafasi. Kapinga na mimi tukawa tunawakusanya wadogo kivulini mwa tangi la maji na kuwaimbisha hesabu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsema waziwazi. Aliitwa Tata Kalonji, yaani Baba Kalonji, fundi cherehani, mrefu kama nguzo na mwenye ulimi uliomkosesha marafiki. Alikuwa amebeba cherehani yake ya miguu toka nyumbani, meza yake na vyote, akaisimamisha jukwaani akaendelea kushona. Kila Prof alipopita, Kalonji alisema kwa sauti, bila kuinua macho toka kwenye sindano: "Tumekimbia mukubwa mumoja, tumefika hapa tunajitengenezea mwingine." Watu walimwambia anyamaze. Prof alijifanya hasikii, lakini mimi nilimjua, nikaona mshipa wa shingo umemsimama.

Ndipo gunia la unga lilipotea. Mlango haukuvunjwa. Njaa ilikuwa kali juma lile, na habari ilienea jukwaani kama moto kwenye majani makavu. Vijana waliomsaidia Prof kulinda usalama walipekua mizigo, na ndani ya furushi la Kalonji wakakuta unga wa kutosha kulisha jamaa yake siku kadhaa. Walimburuta mpaka mbele ya ghala. Mke wake alikuja nyuma akilia, na mtoto mgongoni. Prof alipanda juu ya kreti, akatazama ule unga, akamtazama Kalonji, na alipozungumza sauti yake ilikuwa shwari kabisa, jambo lililoniogopesha kuliko ukali. "Mwenye kuiba unga ya batoto ba bengine hawezi kukaa na siye. Mbele ya jua kushuka, yeye na bantu yake batoke ku hii gare." Watu wakapiga makofi. Kalonji akapiga kelele kwamba unga ni wa kwake, ameupata kwa kazi yake, lakini nani alimsikia? Kila mtu pale alijua kilichokuwa nje ya lango. Na walipiga makofi.

Mimi si jasiri. Hata leo, mkurugenzi wa shule akiniita ofisini, nazunguka ua mara mbili kabla ya kubisha. Lakini nilimwona mtoto mgongoni mwa yule mama akicheza na shanga za shingo ya mama yake, na nikajikuta nimeinua mkono, kama darasani.

"Prof, niko na ulizo."

"Haiko saa ya maulizo, Ntumba."

"Ni ulizo ya somo."

Watu wakanigeukia. Prof akaniitikia kwa kichwa kidogo, kwa mazoea ya mwalimu tu, nadhani. Nikauliza, "Nani anamushitaki Tata Kalonji?"

"Ni miye."

"Na ufunguo ya stoo iko kwa nani?"

"Kwangu. Unajua."

"Na nani alimusikiliza mbele ya kumuhukumu?"

"Mi njo..." Alianza kusema kwamba ndiye yeye, akakoma. Kisha hasira ikampanda. "Keti chini! Batoto banakufa hapa na surua, bantu banalala mu mvua, na wewe unanifanyia mutihani? Mi sina wakati ya karanga!"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja karanga. Wazee walitazamana, wakidhani mwalimu ameanza kuchanganyikiwa kwa uchovu. Lakini sisi wanafunzi wake, ambao tulikuwa tumetawanyika katika umati ule, tulielewa, na naye akaona kwamba tumeelewa. Kapinga akasimama. "Prof," alisema, "njo vile mi nilisema ile siku. Nilisema sina wakati ya kusikiliza." Nyuma yake akasimama mvulana mmoja, ndiye yuleyule aliyetolewa nje ya darasa, kisha mwingine, kisha wengine. Walisimama tu.

Mama Mado alikuwa pembeni, amepiga goti mbele ya mbabula kama alivyozoea, tumbo sasa kubwa. Hakuacha kupepea makaa. "Tata," alimwambia mumewe, "batoto banakujibu kile ulibafundisha. Ulikuwa unataka bakujibu nini?"

Prof alishuka kwenye kreti, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda mpaka kwenye bomba. Watu wakampisha kwenye foleni. Akanawa uso muda mrefu, maji yakimwagika juu ya koti. Nilidhani ananichukia. Aliporudi alivua ile kamba shingoni, akauweka ufunguo juu ya meza ya cherehani ya Kalonji, akasema: "Mi niko mushitaki. Mushitaki hashiki ufunguo, na mushitaki hahukumu. Chagueni bengine." Kalonji, ambaye bado alikuwa ameshikwa mikono na vijana wawili, alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na kupewa zawadi kwa pamoja.

Walichaguliwa watu watatu wa kusikiliza: Mama Ngalula, mkunga mzee wa hospitali, mchungaji mmoja, na fundi wa reli aliyekuwa na sifa ya kutosema. Kesi ilifanywa kesho yake asubuhi, mbele ya watu wote. Prof alishitaki bila kuongeza chumvi. Alisema aliyoyaona na akasema pia asiyoyaona: kwamba hakuna aliyemwona Kalonji karibu na ghala. Kalonji alieleza kwamba unga alipewa na mteja wake wa Dilala, Mama Mwansa, ambaye alipitisha kitambaa chini ya ua wa stesheni ashonewe nguo, naye Kalonji akalipwa unga kwa njia hiyohiyo. "Lakini mutasema nazua," alisema, "juu ya vile yeye eko mutu ya inje. Nani atamuita? Na akiitwa, atakuja?" Mama Ngalula akasema kesi itangoja mpaka aitwe. Wengine walinung'unika kwamba ni kupoteza wakati. Mkunga akajibu kwamba yeye amengoja watoto wengi kuzaliwa, kungoja hakujamwua. Sista wa maziwa ndiye aliyebeba ujumbe.

Mama Mwansa alikuja siku iliyofuata, mchana, kwa miguu, amevaa nguo yenyewe, kanzu ya maua ya njano yenye mabega yaliyosimama. Tulimwona toka mbali, na tukawaona vijana wa fimbo wakimzunguka langoni. Tulisikia mmoja akimwuliza anatafuta nini kwa bilulu. Yeye hakupunguza mwendo. "Naenda kwa fundi yangu," alisema. "Kama unataka kunipiga, piga, lakini usinipasulie kanzu." Wakampisha. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda mmoja wao alikuwa mtoto aliyewahi kula kwake. Aliingia akipumua kwa nguvu, akamkumbatia Mama Mado kwanza, kisha akajitokeza mbele ya wale watatu na kugeuka mara moja ili kila mtu aione kazi ya Kalonji. "Unga ni yangu. Nilitwanga mi mwenyewe. Shikeni muone: mi nachanganyaka mahindi na muhogo. Yenu ya misheni ni mahindi tupu." Mama Ngalula akachukua unga kidogo, akausugua kwa vidole, akaunusa, akauweka ulimini. Akampitishia mchungaji, naye akampitishia fundi wa reli, ambaye alifungua kinywa kwa mara ya kwanza: "Muhogo."

Basi Kalonji aliachiwa. Nani aliiba gunia lile hatukujua, na nadhani hatutajua kamwe. Prof alikwenda mbele ya cherehani, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi, akaomba msamaha kwa maneno machache. Kalonji alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, Prof. Nimekusamehe," alisema. "Lakini kura, sikupi." Umati ukaangua kicheko, na Prof akacheka kuliko wote, kicheko cha nyumbani kule Dilala ambacho sikuwa nimekisikia tangu tufukuzwe. Kabla Mama Mwansa hajaondoka aliweka mkono juu ya tumbo la jirani yake akasema, "Huyu utamuita jina yangu, na ukikataa nitakuja Kasai kumuchukua." Mama Mado hakukataa. Mtoto huyo ndiye yule binti aliyeniuliza kwenye matanga. Anaitwa Mwansa, jina ambalo watu wa Mbuji-Mayi humtaka alieleze kila anapojitambulisha.

Kura ya kumchagua mkubwa mpya ilipigwa jukwaani, mikono juu. Kabla yake wanafunzi tulipewa kazi ya kupendekeza taratibu, tukabishana chini ya tangi la maji kama wabunge, na zikakubaliwa: ufunguo usikae kwa mtu mmoja, anayetunza asiwe anayegawa, anayegawa apate fungu la mwisho, asihukumiwe mtu kabla hajasikilizwa, na mkubwa achaguliwe upya kila mwezi mwandamo. Zilikuwa sheria za watu wasio na ardhi hata ya kuzika, na vijana wa lango wangeweza kuzikanyaga asubuhi yoyote. Hazikuzuia surua. Hazikuleta treni. Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu, basi zilifaa nini? Nawajibu kwamba mke wa Kalonji na mtoto wake hawakutoka nje ya lango lile. Aliyeshinda kura alikuwa Mama Ngalula. Prof aliinua mkono kumchagua, na jioni hiyo alilala kabla ya giza, akikoroma kiasi kwamba watoto walikuja kumtazama.

Juma lililofuata alikuja chini ya tangi la maji, ambako Kapinga na mimi tulikuwa na wadogo wetu. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilisimama kumpisha, nikimnyooshea kipande cha makaa tulichoandikia ukutani. Hakukipokea. Aliuliza, "Leo nani anafundisha?" Nikatazama chini. Kapinga akanisukuma mgongoni. Prof akaenda nyuma kabisa, akatafuta nafasi kati ya watoto, akakaa juu ya furushi na magoti yake karibu yaguse kidevu.

Nilifundisha. Nikaanza vibaya, nikaanza tena. Nilizungumza juu ya foleni ya bomba, kwa nini imepangwa hivyo na nani anaweza kuibadili, na watoto wale, ambao kila siku walisukumana kwenye foleni ileile, walikuwa na mengi ya kusema. Mkono wa msichana mmoja mwenye kitambaa ukapanda. Ukapanda wa kaka yake. Kisha, nyuma kabisa, ukapanda mkono wa koti la kahawia. Miaka yote nilikuwa nimezoea kwamba akitaka kusema, anasema. Nilitaka kumwita mara moja, na naona hata Kapinga alidhani nitamwita. Lakini wale wawili walikuwa wametangulia, na yule msichana alikuwa na maneno marefu, na kaka yake alikuwa na marefu zaidi, juu ya ndoo yao iliyotobolewa. Sikuwakatiza. Prof alikaa pale kwenye furushi lake, mkono juu, akiusaidia kwa mkono mwingine ulipochoka, akingoja zamu yake.